Namna ya kuchagua mji wa kufungulia duka Nyanda za Juu Kusini

Vijana wanaokuja dukani kwangu Mwanjelwa, hapa Mbeya, kuulizia biashara huanza karibu wote na swali moja: "Mama, siku hizi mji gani unakua sana?" Wanataka niseme Tunduma au Makambako, wakate tiketi kesho yake. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kabla hujauliza mji unakua kiasi gani, uliza ni kitu gani kinasimama pale, na kwa nini hakisimami kwingine. Huku kwetu ofisi ya mkuu wa mkoa haijawahi kutosha kuukuza mji. Miji inakua pale mzigo unapobadilisha gari, abiria anaposhuka kuunganisha, mlima unapoishia, au mpaka unapomlaza dereva.

Mimi nauza pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za mimea. Nina duka Mbeya na mengine madogo nje ya jiji, na utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoutumia kabla sijalipia fremu popote. Anayeuza nguo au vipuri atabadilisha kidogo, lakini nchi ni ileile.

Anza na mwinuko, mikoa baadaye

Kwa hesabu ya ofisini Nyanda za Juu Kusini ni Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa, na mara nyingi Ruvuma na Katavi huongezwa. Njombe ilitolewa Iringa mwaka 2012, Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mistari hiyo ina kazi yake, lakini mahindi hayaijui. Mahindi yanajua mwinuko na mvua, na mkulima ananunua kufuatana na mahindi yake.

Panda basi la mchana kutoka Morogoro kuja Mbeya, ukae dirishani, usilale. Ruaha Mbuyuni kuna joto, mibuyu na vitunguu. Kisha inakuja Kitonga, kona juu ya kona, malori yanapanda kwa gia ndogo huku utingo mmoja mmoja akitembea pembeni na jiwe au gogo la kuwekea tairi. Ukimaliza Kitonga umeingia nchi nyingine: Ilula na nyanya zake (na kantangaze wake, mdudu aliyewahi kuwalaza wakulima njaa na kuwajazia wauza dawa mifuko, mimi nikiwamo), halafu Iringa iliyo juu ya mita 1,500. Mafinga ni msitu wa kupandwa, mbao na nguzo. Makambako ni upepo. Baada ya hapo barabara inashuka bonde la Usangu, Igawa, Chimala, Igurusi, mchele na joto tena, kisha inapanda hadi Mbeya, kwenye mita kama 1,700.

Shuka Chimala utazame upande wa kusini. Ukuta wa mlima umesimama mbele yako, na barabara inaupanda kwenda Matamba na Makete. Watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Chini ni mpunga na kandambili. Juu ni viazi, ngano, sweta na masweta mengine juu ya hayo, na ukiendelea unafika Kitulo, uwanda wa mita 2,600 hivi uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Sasa fikiria duka la pembejeo pale Chimala. Asubuhi anakuja mama wa skimu ya umwagiliaji anataka dawa ya magugu ya mpunga. Saa sita inateremka pikapu ya Matamba, mwenye viazi anataka dawa ya ukungu na mbolea ya kupandia. Misimu yao haigongani sawasawa, kwa hiyo mauzo hayakatiki yote kwa pamoja. Mahali penye ukingo wa mwinuko namna hii pana wateja wa nchi mbili kwa kodi moja ya fremu, na ndipo ninapoanza kutafuta. Tukuyu ina tabia hiyohiyo: juu yake chai na viazi, chini yake kuelekea Kyela kakao, mpunga na ndizi.

Mwinuko ukishaujua, utajua pia cha kutokuuza. Mbegu za mahindi za nyanda za juu, kama UH6303 iliyotoka kituo cha utafiti cha Uyole, zinachukua muda mrefu shambani kwa sababu ya baridi. Mpelekee mbegu hiyo mtu wa tambarare za chini, mvua itakwisha mahindi yakiwa bado yanachanua, na mwaka unaofuata hatakanyaga dukani kwako.

Fuata mvua, utaijua pesa

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Rungwe wao wamependelewa. Hewa yenye unyevu inapanda kutoka Ziwa Nyasa, inagonga milima, inamwaga mzigo wake Tukuyu, ambako mvua ya mwaka huvuka milimita 2,000. Ng'ambo ya pili ya milima ileile, Usangu inabaki na mabaki. Kinachoiokoa Usangu ni mito inayoteremka kutoka safu ya Kipengere, nayo ndiyo inayolisha mashamba ya mpunga ya Mbarali kabla maji hayajaingia Ruaha Mkuu kwenda Mtera na Kidatu kuzalisha umeme. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na ndiyo sababu ya vita vyote vya maji na mipaka unavyovisikia Mbarali. Ukitaka kuweka mtaji wako pale, au kununua shamba, uliza kwanza kijiji kiko upande gani wa mpaka wa Hifadhi ya Ruaha, ambao ulisogezwa mwaka 2008 na ukaguswa tena baadaye. Usimuulize dalali. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya, na kwa mwenyekiti wa kijiji upite pia.

Kwa muuza duka, msimu mmoja maana yake pesa inakuja kwa mkupuo. Mkulima wa mahindi ana fedha kuanzia Juni hadi Septemba. Hapo ndipo mabati, magodoro, simu na harusi vinapouzika. Kuanzia Oktoba anahesabu kila shilingi, lakini mbegu na mbolea lazima anunue. Machi hana kitu kabisa, na daftari la madeni linanenepa. Mji unaotegemea zao moja utakufundisha kufunga mkanda kila mwaka mwezi huohuo. Ndiyo sababu naipenda Njombe kuliko watu wanavyodhani: ina chai inayochumwa karibu mwaka mzima, viazi, mbao, na sasa parachichi ambazo zimebadilisha nyumba za watu vijijini, mimi nimeziona zikitoka kwenye nyasi zikaingia kwenye vigae. Baridi yake mwezi Juni na Julai si ya mchezo, ila baridi haijawahi kumzuia mtu kununua.

Njia panda

Hapa ndipo penye nyama.

Makambako haina historia ndefu ya kujivunia wala mandhari ya kupigia picha. Ina njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam–Tunduma inapita, barabara ya Njombe na Songea inachepuka, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inaibukia hapo baada ya kupanda kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki mengi. Angalia ramani uone jambo la ajabu: reli haikupita Iringa wala Mafinga wala Njombe. Ilikata porini, ikakutana na lami Makambako. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachotoka Ruvuma na Njombe kwenda Dar inapita kwenye mji huo, na sehemu kubwa ya kinachokwenda huko inapita pia.

Lakini njia panda ina pande, na upande ndio kila kitu. Ukisimama Makambako jioni, tazama magari yanasimama wapi kweli. Mabasi ya Songea na ya Mbeya yanashusha watu wenye haraka: wananunua maji, karanga, vocha, basi. Hao si wateja wa mbegu. Pikapu na fuso za kutoka Wanging'ombe na vijiji vya Njombe zinaingia asubuhi, zinashusha mazao, na dereva analipwa fedha taslimu akiwa bado kwenye usukani. Mtu anayerudi na gari tupu na fedha mfukoni ndiye wa kwangu. Fremu iliyo kwenye njia yake ya kurudi ina thamani mara mbili ya ile anayoipita akiwa anaingia amejaza. Nimeshaona maduka mawili yanatazamana barabarani, bidhaa zilezile, bei zilezile, moja linakufa kwa sababu gari la kurudi lazima likate barabara kuu kulifikia, na malori hayampishi mtu.

Tunduma ni njia panda ya aina nyingine. Barabara tatu zinakutana: ya Mbeya, ya Sumbawanga yenye mahindi ya Rukwa, na ya Zambia, ambayo inaendelea hadi migodi ya shaba ya Congo. Mji umeegemea mpaka kiasi kwamba unatoka kwenye duka la Tunduma, unatembea kidogo, uko Nakonde, Zambia. Vijana wanashika mabunda ya kwacha mkononi kama karata. Wapite tu, kabadilishie fedha kwenye duka lenye leseni. Ulikuwa mji wa watu chini kidogo ya laki moja kwenye sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikaukuta umevuka laki mbili. Hakuna mji huku uliokimbia hivyo.

Hata hivyo, jiulize ukuaji huo umetokana na nini. Sehemu kubwa ni foleni. Dereva wa lori anayekwama anakula, analala, anaoga, ananunua vocha, anatengeneza tairi. Kituo cha huduma kwa pamoja kilichozinduliwa mwaka 2019 kiliwekwa ili lori lisikwame, na reli ikifufuliwa kama inavyopangwa, baadhi ya mzigo utahama barabarani. Ukifungua gesti au mgahawa Tunduma, ujue unafanya biashara ya ucheleweshaji, na serikali mbili zinajitahidi uishe. Mimi ningeweka mtaji kwenye barabara ya Sumbawanga, kwa sababu mahindi ya Rukwa hayangoji afisa forodha ili yapite. Na kabla ya kupanga nyumba Tunduma uliza maji: yanatoka siku zipi, na ndoo inauzwa bei gani yasipotoka. Jibu la mama wa nyumba ya jirani ni la kuaminika kuliko la mwenye nyumba.

Vwawa ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Songwe, na ina kahawa ya Mbozi kuizunguka. Kwa vifaa vya ofisi, fotokopi na chakula cha mchana cha watumishi, sawa. Kwa mengine, Tunduma imeshaifunika.

Mafinga fungua kama unauza misumeno, vipuri, viatu vya shamba, chakula cha wapasua mbao. Chunya ni dhahabu na tumbaku. Pesa ipo, inakuja na kuondoka bila kuaga, na lami kutoka Mbeya imeisogeza. Kyela ukienda, ulizia mafuriko ya mto yalifikia wapi ukutani, na utafute alama ya tope kwa macho yako mwenyewe.

Iringa wengi huikosea kwa sababu wanaiona kutoka barabara kuu. Basi linapita Ipogolo, chini. Mji wenyewe umekaa juu ya mlima, na umejaa wanafunzi: Mkwawa, Ruaha, Chuo Kikuu cha Iringa. Mwanafunzi ananunua kidogo kidogo, kila siku, na likizo anatoweka. Lami ya kwenda Dodoma kupitia Mtera imeipa Iringa mlango wa kaskazini ambao zamani ulikuwa wa vumbi, kwa hiyo nayo sasa ni njia panda. Pembejeo nazipeleka Ipogolo. Vitabu, nguo na chipsi vipandishe juu.

Mbeya yenyewe

Mbeya ilianza kwa dhahabu ya Lupa, kule Chunya, miaka ya 1920 na 1930. Mji wa zamani, Uhindini na Sokomatola, uko chini ya mlima Loleza, na kwa sababu ya milima haukuweza kupanuka kwenda kaskazini. Ukateremka kuifuata barabara kuu, ukanyooka mashariki na magharibi: Uyole huku, Mwanjelwa na Kabwe katikati, Mbalizi kule, ambayo kiutawala iko nje ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 ndani ya jiji. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Hao wote wamejipanga kwenye mstari mmoja wa lami, pamoja na malori ya Zambia.

Kwa hiyo Mbeya usiulize mtaa, uliza unatazama njia ipi. Uyole ni mlango wa Tukuyu, Kyela na Malawi kwa kupitia Kasumulu. Mbalizi ni mlango wa Songwe na Mbozi. Mwanjelwa ni ya wote, na kodi yake ni ya wote pia. (Uwanja wa ndege wa Songwe, ulioanza kutumika mwaka 2012, uko mbele ya Mbalizi, mkoa wa Mbeya. Kila mara kuna mgeni aliyeweka miadi Vwawa akidhani atashukia hapo.)

Barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi. Hili linakugusa popote kwenye barabara kuu, si Mbeya peke yake: hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla hujalipia fremu ya barabarani, nunua futi ya kamba upime. Tazama ukuta kama una alama ya X ya bomoabomoa iliyopakwa rangi juu yake, maana wenye majengo wengine huifunika kwa bango la soda. Mwenye fremu moja aliniambia X yake "ilikuwa ya zamani". Nikamshukuru, nikaondoka.

Soma sensa kwa kata

Takwimu za mji zinapotosha bila kukusudia. Halmashauri ya Mji Njombe, kwa mfano, ina vijiji vingi ndani yake, mashamba na misitu, kwa hiyo idadi yake haikuambii watu wangapi wako hatua chache kutoka sokoni. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa hesabu hadi ngazi ya kata. Chukua kata zilizozunguka fremu yako, linganisha 2012 na 2022, ila uangalie kama kata iligawanywa katikati ya miaka hiyo, kwani utaona "imepungua" kumbe imezaa mtoto.

Kisha nenda ukatembee kwa miguu. Nenda siku ya mnada au gulio, halafu rudi siku ya kawaida. Mimi natazama mafundi wa kuchomelea: wakiwa wanatengeneza mageti na madirisha, watu wanajenga. Wakiwa wanatengeneza bodi za magari tu, mji ni wa kupita. Natazama mashine ya kusaga: debe zimepangwa foleni saa ngapi? Natazama kama lumbesa zinapakiwa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na mji ambao magunia bado yanavikwa kilemba cha nyasi na neti juu ni mji ambao mnunuzi ana nguvu kuliko mkulima. Huko mteja wangu atakuwa na fedha kidogo kuliko mavuno yake yanavyoonyesha.

Ukiingia, salimia. Iringa na Njombe sema "kamwene", Rungwe "ugonile", hata kama hujui neno la pili. Mzee uliyemsalimia vizuri atakwambia kiwanja kipi kina kesi.

Ukishaamua

Kwa wanaofuata biashara yangu: kibali cha mbolea hutolewa na TFRA (mamlaka ya mbolea), cha mbegu TOSCI (taasisi ya ubora wa mbegu), cha dawa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), juu ya leseni ya biashara na TIN. Vianze mapema, kwani duka la pembejeo linalofunguliwa Januari limekosa mwaka. Mzigo uwe rafuni kufikia katikati ya Oktoba.

Kodi ya fremu wengi wanataka ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Usilipe ya mwaka kwenye mji ambao hujauona ukiwa na mvua. Februari barabara za vijijini zinakatika, na gari la Matamba au la Lupembe ulilolitegemea haliji wiki nzima. Omba miezi sita inayoanza Oktoba, uandikiwe kwenye mkataba haki ya kuendelea kwa kodi ileile, na mkataba upitie serikali ya mtaa. Mwenye nyumba akikataa kuandika hilo, kuna fremu nyingine upande wa pili wa njia panda; kaiangalie kama iko kwenye njia ya kurudi.